Hodhi la Mukaka

Sogeeni kwenye mbabula, makala bado yana moto. Wewe uliyepanda juzi kutoka Beni, chukua kikwembe hicho ujifunike. Hapa Butembo tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya huku haimwonei mgeni haya. Sungura na fisi wapumzike leo. Nitawasimulia habari za hodhi.

Hodhi lile la kuogea, refu kama mtumbwi, ambalo wakubwa hapa huliita kwa Kifaransa, baignoire. Wengi wenu hamjawahi kuliona, na si aibu. Lilikuwa katika nyumba ya mukaka mmoja (watoto wa Beni na Butembo hawahitaji kuambiwa kwamba mukaka ni bibi), nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, yenye kidirisha cha bafuni kinachotazama mikaratusi. Ilijengwa wakati wa Wabelgiji, kabla ya tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipojipatia uhuru. Siku hizo kampuni ya madini iitwayo Minière des Grands Lacs, MGL kwa kifupi, ilikuwa na kituo chake hapa Butembo, na wazungu wa mji walitaka kuoga kama kwao Ulaya: kulala ndani ya maji ya moto na kutazama dari. Wakaja na mahodhi yao. Baadaye wenyewe wakaondoka, mahodhi yakabaki. Nani angejitwika chuma cha kilo zaidi ya mia moja?

Nilipolifahamu hodhi la mukaka, hapakuwa na mtu aliyelala ndani yake tena. Maji ya bomba yalikuwa yakija yanapopenda, basi yakija tu, watu wanakimbia kulijaza. Lilibeba lita 150. Bidoni moja ya njano ni lita 20, pigeni hesabu. Ni bidoni saba na nusu, na siku bomba lilipokauka, hizo bidoni zilipanda kilima vichwani na migongoni mwa watoto kama ninyi, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 20, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Hodhi likawa pipa. Mwenye kuoga alisimama pembeni yake, kwenye sehemu nyembamba isiyozidi upana wa mlango, na ndoo yake na kikombe, akijimwagia huku kiwiko kinagonga ukuta.

Mukaka peke yake ndiye aliyeendelea kuingia ndani. Alisema kule hakuna upepo. Lakini ukingo wa hodhi ulikuwa juu ya goti, na goti lenyewe lilikuwa limeshazeeka. Halafu nyumba ikajaa. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa vijiji vya upande wa Beni wamekimbia mashambulio, na ndugu akigonga mlango usiku hajibiwi kwa kuhesabu vitanda. Sitaongeza neno hapo; kati yenu wapo wanaoyajua haya kunishinda. Nyumba ya mukaka ilifikisha watu kumi na mmoja, na bafu lilikuwa moja.

Asubuhi moja mukaka aliteleza akitoka hodhini. Hakuvunjika mfupa. Alikaa sakafuni akalisema lile hodhi kwa Kinande, maneno ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Mchana wake akatuma mtu Beni kumwita fundi.

Kwa nini Beni, kilomita 54, wakati Butembo imejaa mafundi? Kwa sababu fundi huyo alikuwa ameshatengeneza dushi ya kuingia kwa miguu, isiyo na kizingiti wala ukingo. Sakafu inaendelea tu, unaingia kama unavyoingia sebuleni. Mukaka aliiona kwa shangazi yenu mmoja kule Beni, akaitamani.

Fundi akafika, amevaa makoti mawili. Kabla ya kusalimia vizuri akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye hodhi. Ta! Ikanata. Kama hodhi lingekuwa la plastiki, isingenata. Kisha akaligonga kwa vifundo vya vidole. Bati jembamba hulia kama sufuria. Hili liliguna tu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Chuma cha kusubu," akasema. "Hiki ni kigumu, lakini hakina uvumilivu. Nikikipiga nyundo ya kilo tano kitapasuka kama chungu. Tutakitoa vipande vipande." Akaeleza kwamba wataweka blanketi juu na miwani machoni, kwa sababu ile rangi nyeupe ya hodhi ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, na kikipasuka huruka vigae vikali.

"Halivunjwi," mukaka akajibu. "Litatoka zima kama lilivyoingia."

"Mukaka, pengine liliingia kabla mlango haujajengwa."

"Basi mlango nao utatoka. Na kabla hujagusa kitu, niambie: maji yangu utayaweka wapi?"

Fundi akanyamaza. Nami nimekutana na mafundi wengi wanaojua kutoa kitu, lakini wachache wanaouliza kile kitu kilikuwa kikifanya kazi gani. Siku mbili za kwanza, basi, hazikupita bafuni. Zilipita nje, ambako alijenga mnara wa matofali wa mita tatu na kupandisha juu yake tanki la plastiki la lita 500, kisha akaelekeza mfereji wa paa la mabati ndani yake. Hapa pana hesabu tamu. Mvua ikinyesha milimita moja juu ya mita moja ya mraba, inakupa lita moja. Paa la mukaka ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 10, ambayo Butembo ni mvua ya kawaida ya alasiri, inaleta lita 600. Tanki linajaa na kumwagika, na hakuna shingo ya mtoto iliyouma.

Siku ya tatu wakang'oa mlango na fremu yake. Hodhi likalazwa ubavu, wanaume sita, kamba, miti miwili ya mikaratusi, na mayowe mengi kuliko kazi yenyewe. Likatoka, likawekwa chini ya mparachichi. Chini yake waliokota kitana, gololi mbili, na sarafu ya makuta ya wakati wa Mobutu. Mukaka aliisugua kwenye kikwembe, akaitia mfukoni, akasema deni limelipwa. Deni la nani, hakusema.

Ukuta uliokuwa nyuma ya hodhi ulikuwa matofali matupu, bila plasta. Na hapa, watoto, nisikilizeni, maana ndipo nyumba nyingi huharibiwa.

Hodhi halishiki maji tu. Ni koti la mvua la nyumba. Ukioga ndani yake, maji yanazungukwa na chuma na kioo, hayawezi kwenda popote ila kwenye tundu. Ukiliondoa, nyumba imevuliwa koti. Sasa maji yatagusa simenti, na simenti inakunywa. Matofali yanakunywa zaidi. Chukueni kikwembe, chovyeni pindo lake tu ndani ya beseni, mkiache kimening'inia: baada ya muda maji yatakuwa yamepanda juu ya pale mlipochovya, kwenye nafasi ndogondogo zilizo kati ya nyuzi. Ndani ya tofali kuna nafasi kama hizo. Maji yanayomwagika bafuni leo, baada ya miezi utayaona yameota ukungu kwenye ukuta wa chumba cha kulala, nawe utalaumu mvua.

Mjukuu mmoja alitaka karo, yaani vigae vya sakafu na ukuta, zipigwe siku hiyohiyo, maana karo ndizo zinazopendeza. Fundi akacheka. "Kwenu Wanande mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Umewahi kumwona Kakule akizaliwa kabla ya Kambale? Karo ni Kakule. Mwache asubiri."

Kilichotangulia kilikuwa bomba la kutolea maji. Hodhi lilikuwa limesimama juu ya miguu, tundu lake juu ya sakafu, hivyo bomba lake la zamani lilitambaa juu kwa juu hadi ukutani. Dushi isiyo na kizingiti haina ujanja huo; tundu lake liko kwenye sakafu yenyewe, na bomba lazima lizame chini yake. Fundi alichimba zege kwa tindo na nyundo siku mbili, nyumba nzima ikapiga chafya. Akalaza bomba la milimita 50, pana kuliko lile la zamani, likaelekea kwenye shimo la mawe nyuma ya jikoni. Hakuliacha limwage barabarani. Mnajua jinsi maji yanavyokula vilima vyetu mpaka barabara inageuka korongo.

Chini ya tundu aliweka sifoni. Ni bomba lililopindwa kama shingo ya bata anayekunywa. Maji machache hubaki kwenye ule mpindo daima, kama sentimita tano, yakiwa mlango: maji mapya yanapita, lakini harufu ya shimo na mende haviwezi kurudi juu. Wazo hilo liliandikishwa London mwaka 1775 na Alexander Cumming, Mskoti ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Mtu wa saa ndiye aliyeziba pua za dunia! Ila sifoni ina udhaifu mmoja: bafu lisipotumika muda mrefu, yale maji hukauka na harufu inapanda. Dawa yake ni kikombe kimoja cha maji.

Kisha mteremko. Fundi hakuwa na mashine ya mwanga mwekundu. Alitoa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, akaujaza, akamkabidhi mjukuu wa kike ncha moja asimame ukuta wa huku, yeye akashika ya pili ukuta wa kule. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia.

"Piga alama yalipotulia," akamwambia.

"Lakini wewe ni mrefu, mimi mfupi. Alama zitalingana vipi?"

"Maji hayajui wewe ni mfupi."

Hata ukuta uwe umepinda, hata fundi awe ametoka kwenye pombe ya kasiksi, maji yaliyo ndani ya mpira mmoja husimama kimo kimoja pande zote mbili. Kutoka kwenye zile alama walipima kwenda chini: sentimita 100 pale unapoingilia, 103 pale kwenye tundu. Sehemu ya kuogea ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu, hivyo kila mita inashuka sentimita mbili. Ukipunguza, maji yanalala na kuotesha utelezi. Ukizidisha, mukaka anasimama kama mbuzi wa mlimani.

Baada ya plasta ya mteremko kukaa siku kadhaa, huku watoto wakiinyunyizia maji asubuhi na jioni (simenti haigandi kwa kukauka, watoto, inagandishwa na maji yenyewe, na ikinyimwa maji mapema inakuwa unga), ndipo fundi akakoroga uji wa simenti wenye dawa ya kuzuia maji. Akaupaka kwa brashi, mkono wa kwanza ukienda huku, wa pili ukiukata wa kwanza. Pembeni, sakafu inapokutana na ukuta, alilaza kitambaa cha wavu ndani ya uji, kwa sababu nyumba hucheza kidogo na kona ndiyo hupasuka kwanza. Kwenye dushi alipandisha mpaka mita mbili. Hilo ndilo koti jipya.

Koti jipya hujaribiwa kabla ya kwenda mvuani. Fundi akaziba tundu kwa kitambaa na nailoni, akajenga ukingo wa udongo pale pa kuingilia, akamwaga bidoni mbili, akachora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji. "Tulale. Kesho saa hizi tutazame."

Kesho yake maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole.

"Hewa imeyanywa," fundi akasema, akianza kukusanya vyombo.

"Fundi," mukaka akasema, "hapa ni Butembo. Shati langu linakauka siku tatu."

Ndipo yule mjukuu wa kike, aliyeshika mpira, akaleta beseni la plastiki. Jioni ile alikuwa ameliweka palepale bafuni, limejaa maji, naye amechora mstari wake kwa kalamu. Hakumwambia mtu. Maji ya beseni yalikuwa bado yako kwenye mstari. Kama hewa ndiyo iliyokunywa, ingekunywa kwenye vyombo vyote viwili, au sivyo?

Fundi alilitazama beseni muda mrefu. Akavua koti moja. Akapiga magoti, akachokoa kuzunguka pete ya tundu, akakuta ufa mwembamba kama unywele. Akauziba, akapaka upya, akasubiri, akajaza tena. Safari hii mistari miwili ilikubaliana. Nimemheshimu fundi yule kwa sababu hakumkaripia mtoto. Alimuuliza tu darasa gani anasoma.

Karo nitazipitia haraka, ingawa ndizo zilizokula dola nyingi. Zilitoka mbali: meli mpaka Mombasa, lori kupitia Kenya na Uganda, mpaka wa Kasindi, kisha kilomita 80 hadi Beni. Mukaka alizichagua mwenyewe dukani, akiwa peku. Aliomba maji na kipande cha sabuni, akailowesha kila karo aliyoonyeshwa, akaikanyaga kwa kisigino. Zile zinazong'aa kama kioo alizipeleka ukutani, na za sakafuni akachukua ndogondogo zenye mkwaruzo. Karo zikiwa ndogo, mistari ya simenti kati yake inakuwa mingi, na kila mstari unashika mguu. Mwenye duka alilalamika kwamba sasa duka linateleza.

Fundi akafunga kishikio cha chuma ukutani. Hakukichomeka kwenye karo, maana karo ni ngozi tu. Alikwenda mpaka kwenye tofali, na pale tofali la zamani lilipokuwa laini, akalitoa akajaza zege. Zege lilipoganda alijining'iniza pale kwa mikono miwili, miguu hewani, watoto wakihesabu. Walifika ishirini.

Bado presha. Maji yakikaa mita kumi juu yako, yanakusukuma kwa nguvu ya baa moja. Tanki la mukaka liko mita tatu, na kichwa cha dushi chenyewe kiko juu ya kichwa cha mtu, kwa hiyo nguvu iliyobaki ni kidogo sana. Vile vichwa vya dushi vya kifahari, vipana kama sinia, vingedondosha machozi. Fundi akaweka kidogo chenye matundu machache makubwa, na bomba nene kutoka tankini. Maji hayapigi, yanateremka kwa heshima. Vijana wanaoga dakika tatu, nne, mukaka anahesabu kwa sauti nje ya mlango.

Yeye mwenyewe hatumii kile kichwa. Maji ya tanki la Butembo alfajiri! Alimwagiza fundi amjengee benchi la matofali ndani ya dushi, lenye karo, kimo cha kukalia. Anakaa pale na ndoo ya maji ya moto kutoka mbabula, na kikombe, kama zamani, ila sasa hapandi kitu. Siku ya kwanza aliwaambia watu waliokuja kushangaa: "Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tulinawa mikono kila mlango, mpaka ngozi ikanuka klorini. Sasa miguu nayo imepata zamu." Kisha akamgeukia fundi kumshukuru: "Wasingya." Fundi wa Beni alijibu kwa Kinande safi, na bei ikapungua kidogo.

Hodhi, je? Lilikaa chini ya mparachichi wiki mbili, kuku wakatagia ndani. Halafu akaja binamu mmoja anayefuga ng'ombe upande wa Lubero, akalizunguka, akalipiga teke, akajifanya halimvutii. Mukaka alitaka mbuzi. Binamu alitaja kuku wawili. Walikubaliana jioni: gunia la viazi na kuku watatu.

Nikiwaza bei hiyo hucheka, kwa sababu ya kisa cha Marekani. Mwaka 1883, huko Wisconsin, mhamiaji kutoka Austria aitwaye John Michael Kohler alikuwa akitengeneza vyombo vya wakulima. Akachukua hori la chuma, la kunyweshea farasi na kuchovyea nguruwe waliochinjwa, akalichoma mpaka likaiva, akalinyunyizia unga wa kioo ukayeyuka juu yake, akatangaza kwamba likiwekewa miguu minne mtu anaweza kuogea. Kampuni yake bado ipo, nayo husimulia kwamba hodhi lile la kwanza lilinunuliwa na mkulima kwa ng'ombe mmoja na kuku 14.

Hodhi la mukaka liliteremka kilima juu ya chukudu. Mnazijua zile baiskeli za mbao zisizo na pedali: kijana mmoja mbele ameshika usukani, mguu wake juu ya kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma ndiyo breki, na wawili nyuma wanavuta kamba ili mzigo usiwashinde mbio. Watoto wa barabara nzima walikimbia kando wakipiga kelele kwamba jeneza la mzungu linapita.

Nililiona tena mwaka uliofuata. Liko kwenye malisho, limezama nusu kwenye udongo, jeupe bado. Ng'ombe watatu walikuwa wakinywa, na tundu la chini wameliziba kwa gunzi la mahindi.